Blanketi ya Kumi na Moja

Siku ya kuniaga mlinipa keki, mkanipa na saa kubwa ya ukutani, ambayo sijui mlifikiri itamfaa vipi mtu asiye na zamu tena ya kuwahi. Nimeitundika jikoni. Kila asubuhi inaniambia kwamba sasa nyinyi mnapokezana wodi, na mimi nimekaa hapa na chai yangu nikitazama ukuta. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Kuna mambo ya wodi ya watoto wachanga ambayo hayako kwenye zile chati mlizobandika kila mahali, na kuna moja ambalo nilipaswa kumwambia mmoja wenu siku yangu ya mwisho kazini, nikashindwa.

Habari za vyeo sitaandika. Vyangu vilikuja vimechelewa, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeongeza uzito kwa sababu mimi nimepanda cheo.

Nilianzia zahanati ndogo juu huko upande wa Keringet. Nilifika nimevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na ndani ya saa moja nilikuwa natetemeka mbele ya wagonjwa. Baridi ya kule si ya mchezo. Aliyenipokea ni Sista Tabitha, mama mfupi aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na hakuniuliza hata jina.

"Mikono yako iko baridi?"

"Hapana, Sista."

"Iko. Weka kwapani. Ukimshika mtoto na hiyo mikono utamwibia joto lake."

Basi siku yangu ya kwanza kazini, baada ya miaka yote ya chuo, nilisimama kwenye kona nimejikumbatia kama mtu aliyefukuzwa nyumbani. Mikono ilipopata joto akanionyesha. Unagusa tumbo la mtoto kwa mgongo wa mkono, kisha unagusa nyayo. Tumbo likiwa na joto na nyayo baridi, huyo mtoto anatumia nguvu zake zote kujipasha moto, na hana za kukua. Thamometa inakuja baadaye. "Na usingoje akulilie," Sista Tabitha akasema. "Mtoto mdogo halii baridi. Ananyamaza tu."

Wiki yangu ya tatu waliletwa mama na mtoto msichana aliyezaliwa kabla ya wakati, amefungwa ndani ya koti la baba yake. Walikuwa wametembea na mvua ya mawe njiani. Nilifungua lile koti nikakuta mtoto mzuri, hana kasoro yoyote, ila alikuwa amenyamaza. Tulijaribu. Halafu Sista Tabitha alinawa mikono, akaniambia niandike saa. Nimeona mengi tangu siku hiyo, lakini nikifunga macho ni lile koti naona.

Jambo lingine alilonifunza lilikuwa la kuchosha kabisa. Kila kitu cha kumgusa mtoto alikigeuza ndani nje kwanza. Soksi, kofia, shuka, hata zile nguo mpya zilizotoka dukani. Anapanua vidole, anapitisha mkono polepole kwenye kila mshono, akitafuta uzi uliolegea. Mimi nilimwona mama wa makuu. Uzi tu, nilijiambia. Uzi utafanya nini?

Baadaye nikahamishiwa Nakuru, kwenye wodi mnayoijua. Tulikuwa na hita chache, na stima ilikuwa na tabia zake. Kwa hivyo akina mama waliwabeba watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama mnavyowafundisha hadi leo. Njia hiyo ni nzuri kuliko mashine yoyote, lakini mgongo wa mtoto unabaki nje, na leso peke yake haitoshi mwezi wa saba. Nikawa napita soko baada ya zamu, natafuta sweta kuukuu za kuwafunika.

Huko ndiko nilikutana na Mama Brayo, muuza mitumba wa Bondeni, mama wa sauti kubwa.

"Mathe, kila wiki sweta! Uko na watoto wangapi?"

"Leo ishirini na wawili."

"Woi! Na bwana anasema nini?"

Nilipomweleza, aliweka chini sweta aliyoshika. Akafunga kibanda mchana kweupe, akanishika mkono, akanipeleka kwenye ukumbi wa kanisa nyuma ya zile nyumba za zamani za kaunsili. Kumbe kila Jumatano kulikuwa na kikundi cha akina mama pale, kama kumi na wanne, wengi wao nywele nyeupe. Walikuwa wakiwafumia blanketi wazee waliobaki peke yao mtaani.

Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Kulikuwa na milima ya sweta za mitumba zisizouzika, zenye kiwiko kilichotoboka au kifua chenye doa. Mama wawili walikuwa wakizifumua, mmoja anavuta, mwingine anazungusha mpira wa uzi. Uzi ukitoka kwenye sweta unakuja umejikunja, kwa hivyo wanauosha, wanautundika kwenye kamba na jiwe limefungwa chini, mpaka unyooke. Na sindano zao zilikuwa spoki za baiskeli, zimenolewa ncha kwenye sakafu ya saruji. Spoki! Vyuma vya kutupwa na sweta za kutupwa, na hapo kwenye meza palikuwa na blanketi iliyokunjwa, laini, nzito, yenye rangi za sare za kila shule ya Nakuru. Niliigusa kwa mgongo wa mkono. Sioni aibu kusema nililia.

Mwenyekiti wao alikuwa Cucu Wangari, bibi mkimya mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa sweta. Alinitazama nikijipangusa, akasema, "Sista, keti. Hao watoto wako ni warefu kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa mikono. Akauliza tena, akidhani nimekosea. Nilipomwonyesha mara ya pili, spoki zikasimama ukumbi mzima.

Tangu siku hiyo walitufumia sisi. Walikuwa na desturi moja. Kila mmoja alimalizia blanketi yake kwa kona ya rangi yake mwenyewe. Mama Brayo alikuwa na kona nyekundu, Cucu Wangari kona ya kijani kibichi, kutoka kwenye sweta ya marehemu mumewe ambayo aliifumua kidogo kidogo kwa miaka. Walianza hivyo ili blanketi ikienda upande wajue ni nani wa kuchekwa.

Sasa nifike kwenye kosa, na kosa ni langu, msilipeleke kwa mwingine.

Mnajua nyumba zetu. Mgeni akiingia, kabla hajaona sura yako ameona vitambaa vya viti. Kitambaa lazima kiwe na matundu ya urembo na matamvua ya kuning'inia pembeni, na mama ambaye viti vyake viko uchi anasemwa mpaka kanisani. Akina mama wa Bondeni walikuwa mabingwa wa vitambaa. Mwaka mmoja wakaamua kwamba watoto wa hospitali nao wanastahili heshima, wakaleta blanketi kumi na tano, zote zina matamvua marefu pande nne, kila uzi umefungwa kwa mkono. Zilikuwa nzuri ajabu. Walikuja nazo wamevaa sare ya kanisa, wakaomba, wakaimba, kisha Cucu Wangari akanipa ya kwanza kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

Niliyaona yale matamvua. Nilisikia sauti ya Sista Tabitha sikioni kabisa. Lakini ningeanzaje? Ningemwambia nani, huyu bibi aliyeinamisha kichwa mbele yangu, kwamba kazi yake haifai? Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema asante. Nilijiambia nitayakata mwenyewe nikipata nafasi. Kisha nikaziona nzuri sana za kukatwa, nikaacha.

Majuma machache baadaye, tukipokezana asubuhi, nilishika nyayo za mtoto mmoja mvulana kama kawaida, mgongo wa mkono. Mguu wa kulia ulikuwa na joto, kidole kimoja kilikuwa baridi. Nikavuta taa. Uzi mmoja wa matamvua ulikuwa umejizungusha kwenye kidole hicho, umekaza mpaka umezama kwenye ngozi, na kidole kimegeuka zambarau. Mtoto alikuwa amelala zake, ametulia. Nilichukua kile kikasi chembamba cha nyuzi za upasuaji. Nikaingiza ncha yake chini ya uzi, nikabana. Uzi ulikatika. Tulisimama pale na mama yake tukitazama kidole kimoja kidogo kuliko punje ya mahindi, tukingoja. Kilichukua muda. Kisha kikaanza kuwa chekundu.

Niliketi chini, sakafuni, na hapo ndipo nilipokumbuka hesabu. Blanketi kumi na tano zililetwa. Nne zilikuwa wodini. Kumi na moja zilikuwa zimeenda nyumbani na watoto, huko ambako hakuna nesi wa kushika nyayo kila asubuhi.

Jumatano nilienda Bondeni. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipofika yote yalitoroka. Niliwaambia tu ilivyokuwa. Nikasema niliona tangu mwanzo na nikanyamaza.

"Ngai!" Mama Brayo akasema. "Ati uzi wetu?"

Cucu Wangari aliweka spoki zake chini, akatoa miwani.

"Hiyo blanketi ilikuwa na kona ya rangi gani?"

Hapo ndipo nilitamani kudanganya.

"Kijani, Cucu."

Alitikisa kichwa polepole. "Na mtoto, kidole ako nacho?"

"Ako nacho. Kimepona."

"Asante Mungu." Akavaa miwani tena. "Hizo zingine ziko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, na kwa hasira, na hata kwa wao kuacha kazi kabisa, na sisi tuzikwe na baridi ya mwezi wa saba. Hili sikulitarajia. Nilitoa karatasi niliyonakili kutoka kitabu cha wodi, na rangi ya kona ya kila blanketi iliyotoka, na mnajua jinsi tunavyoandika makwao: "karibu na kinu cha kusaga", "kwa mzee wa punda", "nyumba ya mabati ya bluu". Nyumba za mabati ya bluu kutoka hapa hadi Subukia ni ngapi? Wale akina mama waliizunguka ile karatasi kama majenerali. Kila mmoja aliulizia kona yake na kusema, hiyo ni yangu, hiyo naenda mimi.

Na wakaenda. Mama mwenye magoti mabovu alishuka bonde la Subukia kwa fimbo, akauliza nyumba hadi nyumba, mpaka akapata kona yake ya manjano. Mama Brayo alifunga kibanda siku mbili, akarudi amepoteza sauti. Walikaa kwenye viti vya watu wasiowajua, wakaeleza aibu yao wenyewe kwa mdomo wao wenyewe, wakakata matamvua na kufunga ukingo hapo hapo, wakamwachia mtoto blanketi yake. Hakuna aliyewatuma. Ningeweza kuishi miaka mia na nisione tena kitu kama hicho. Kila jioni nilipigiwa simu, na kila jioni niliweka alama kwenye karatasi, na bado mpaka leo nikiifikiria nywele zinanisimama.

Ikabaki moja, ya kumi na moja. Kona ya kijani, na iko Keringet.

Nilichukua siku yangu ya mapumziko nikaenda na Cucu Wangari, kwa sababu kule napajua. Tulifika ukungu haujaondoka kwenye viazi. Mama wa mtoto alikuwa msichana anaitwa Emily, hata miaka ishirini na mitatu hajafika. Mama mkwe wake alitupa chai, akatutazama kwa namna ambayo nilipaswa kuielewa mapema.

"Tumekuja kwa sababu ya ile blanketi," nikasema.

"Sirudishi," Emily akasema.

"Hapana, mama, hatujakuja kuichukua," Cucu Wangari akasema kwa upole. Alikuwa tayari ametoa makasi. "Nakata tu hizi nyuzi za pembeni, zisimwumize mtoto."

"Hakuna haja ya kukata."

Nikatazama ile nyumba vizuri sasa. Hakukuwa na nepi kwenye kamba.

Nilimwuliza maswali ya nesi, moja baada ya jingine, kwa sababu niliogopa, na aliyajibu yote. Mtoto alishikwa na kifua. Walimkimbiza kituo cha afya, akatibiwa, ikashindikana. Alinionyesha kadi. Haukuwa uzi. Nilipumua, kisha nikajichukia kwa kupumua.

Emily aliingia chumbani akarudi na ile blanketi. Alikuwa akilala nayo. Matamvua yake yote alikuwa ameyasuka, moja moja, visuko vidogo vidogo kama vya nywele za mtoto, pande zote nne.

Cucu Wangari alirudisha makasi kwenye mkoba. Akashuka kwenye stuli, na mjue alikuwa na miaka sabini na zaidi, akaketi sakafuni kando ya yule msichana.

"Anaitwa nani?"

"Chebet."

"Chebet," akasema, akashika kona ya kijani, na hapo wakakaa. Chai yangu ilipoa na mimi sikuthubutu kuinua kikombe.

Tulipokuwa tukiondoka aliniambia, "Hiyo ya mwisho usiweke alama. Iache hivyo." Nikaiacha. Ile karatasi ndiyo mnayoiona imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la shuka, ile ambayo mmetaka kuitoa mara kadhaa na nikawafokea.

Miezi michache baadaye, Jumatano moja, Emily alitokea kwenye mlango wa ule ukumbi wa Bondeni akiwa na spoki mbili ndani ya gazeti. "Nimekuja kufunzwa," akasema. Cucu Wangari alisogea kwenye benchi kumpa nafasi. Alikuwa akija kila wiki mbili, akarudi kwao akaanzisha kikundi kule juu, ambako baridi yenyewe inakaa. Cucu Wangari alipotutoka, makasi yake alirithi Emily, na ule uzi wa kijani uliobaki. Zile blanketi za kona ya kijani mnazogombania ni za Keringet.

Tangu mwaka ule hakuna tamvua lililoingia wodi hiyo, na hakuna kitu kilichomgusa mtoto kabla ya kugeuzwa ndani nje. Mmeniita majina kwa sababu hiyo. Nimeyasikia yote, na lile la Sista Mshono si baya.

Sasa siku yangu ya mwisho. Keki ilikuwa haijakatwa, mlikuwa mkitafuta kisu. Emily alifika na furushi kutoka Keringet. Alinivuta kando akafungua, na juu kabisa ilikuwa ile ya kumi na moja. Niliijua kabla hajasema. Ilikuwa imeoshwa, na pembeni hakukuwa na kitu, ukingo tu, umefungwa imara.

"Nilifungua kisuko kimoja kimoja," akasema. "Imenichukua mwezi."

"Emily, si lazima."

"Sista, kuna baridi. Na imekaa bure."

Kabla sijajibu, nesi kijana alipita akikimbia, mtoto wa kitanda cha nne alikuwa ametoka tu kuletwa, na akanyakua ya juu. Faith, ni wewe. Pamoja na haraka yako yote, ulisimama. Uliigeuza ndani nje, ukapanua vidole, ukapitisha mkono ukingo wote, pande nne, polepole, mbele ya mama yake Chebet. Ukasema, "Mathe, hii ni ya kitambo lakini iko poa sana. Nani alifuma?"

"Cucu mmoja wa Bondeni," Emily akakujibu.

Ukaenda nayo. Nilitaka kukuita nikuambie umebeba nini, lakini mtoto alikuwa anangoja. Tulibaki mlangoni mimi na Emily tukikutazama ukimfunika kifuani kwa mama yake. Baada ya kitambo nilienda, nikaweka mikono yangu kwapani kwanza, kisha nikagusa nyayo za mtoto kwa mgongo wa mkono. Zilikuwa zimeshika joto. Nikaenda kwenye kabati, nikafungua mlango, nikaweka alama.